Simu ya Kamera ya Mwaka 2012 kama Zana ya Kufundishia: Namna ya Kuipima

Mwanachuo yeyote aliyekwisha kuandaa somo anajua kwamba zana ya kufundishia hupimwa kwa kazi inayoifanya katika somo. Chati iliyochorwa kwa mkaa juu ya karatasi ya mfuko wa saruji yaweza kufundisha vizuri kuliko chati ya rangi iliyonunuliwa dukani, iwapo ile ya kwanza inaonyesha kinachotakiwa na ile ya pili haionyeshi. Juu ya jambo hili walimu wote hukubaliana. Lakini kanuni hiyo huanza kuyumba mara zana yenyewe inapokuwa simu ya mkononi. Hapo mwalimu kijana, ambaye aghalabu yu tayari kutoa sehemu kubwa ya mshahara wake wa kwanza, husahau maandalio ya somo na kuanza kuzungumza lugha ya mwuzaji: ina megapikseli ngapi, imetoka mwaka gani, kioo chake kina ukubwa gani.

Makala haya yanakusudia kumrudisha kwenye maandalio ya somo. Tutaichukua simu moja tu, Nokia 808 PureView, iliyotangazwa mjini Barcelona mwezi Februari mwaka 2012, nasi tutaipima kwa kazi za shule ya msingi iliyoko pwani ya Kilwa na Lindi. Simu hiyo haitengenezwi tena. Anayeitaka leo ataipata kwa mtu aliyekwisha kuitumia, au katika duka la vifaa vya mkono wa pili. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, wahandisi wake waliifikiria kamera kabla ya kuifikiria simu, jambo ambalo si la kawaida, na kwa hiyo umbo lake lina mengi ya kumfundisha anayetaka kujua kifaa hupimwaje. Pili, inabeba namba kubwa, megapikseli 41, na namba kubwa ni mtihani mzuri kwa mwalimu anayejifunza kutodanganywa na namba.

Kazi kabla ya kifaa

Tuanze kwa kuuliza picha inatakiwa kwa somo gani. Katika Historia ya Tanzania na Maadili, mwalimu wa Wilaya ya Kilwa ana hazina ambayo wenzake wa mikoa mingine wanaisoma vitabuni tu. Ng'ambo ya Kilwa Masoko, mwendo mfupi kwa mashua, upo Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11 na ukapanuliwa baadaye kwa nguzo na kuba. Lipo Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye bwawa la pembe nane. Sultani huyo ndiye aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Lipo Gereza, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1505 na kujengwa upya baadaye katika enzi ya Waarabu wa Omani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na kati ya hatari hizo ilikuwa bahari yenyewe, inayokula ufuko na kuinyemelea misingi ya kuta. Yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya kuzikarabati kuta na kuukinga ufuko. Mawimbi, hata hivyo, hayakuondoka.

Sasa mtoto wa Nachingwea au wa Liwale yuko mamia ya kilomita kutoka hapo. Hata mtoto wa Kilwa Masoko, ambaye mzazi wake hana nauli ya mashua, aweza kumaliza shule ya msingi bila kukanyaga Kisiwani, ingawa kila siku anakiona kwa macho. Mtoto huyo anahitaji kuuona ukuta: jiwe la matumbawe, chokaa, kiungo, ufa. Hii ndiyo kazi ya kwanza na iliyo nzito kuliko zote, kwa sababu ukuta ulioanguka haupigwi picha tena.

Kazi nyingine ni nyepesi zaidi lakini hurudiwa mara nyingi. Katika Jiografia na Mazingira zatakiwa picha mbili za ufuko mmoja, moja wakati wa maji kupwa na nyingine wakati wa maji kujaa, na ingefaa ziwe za siku za bamvua, tofauti inapokuwa kubwa. Katika Sayansi latakiwa ua la ufuta, ambao Mkoa wa Lindi unaulima kwa wingi, likionyeshwa kwa ukubwa utakaomwezesha mtoto kuzitambua stameni zake. Katika kazi za mikono yatakiwa maungo yanayotembea: vidole vya bibi anayesuka ukili, au mkono wa fundi anayeziba mashua kwa kalafati. Mwalimu aliyeziandika kazi hizi katika daftari lake yu tayari kuishika simu.

Umbo lake

Ukiishika, jambo la kwanza utakaloliona ni uzito. Ina gramu 169, na unene wake ni milimita 14 hivi, isipokuwa mgongoni palipo na kamera, ambapo imetuna kufikia karibu milimita 18. Wapo walioicheka kwa nundu hiyo ilipotoka. Lakini nundu ipo kwa sababu: kihisi kikubwa, yaani kile kibao kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi, huhitaji lenzi iliyo mbali nacho kidogo, wala hakuna ufundi wa kuifuta hesabu hiyo. Zaidi ya hayo, uzito huo si hasara mkononi mwa mpiga picha. Simu nyepesi hutikisika kidole kinapoibonyeza.

Ubavuni ina kitufe halisi cha kupigia picha. Ukikibonyeza nusu, lenzi hulenga. Ukimalizia, picha hupigwa. Nathubutu kusema kwamba kwa shule kitufe hiki kina thamani kuliko nusu ya sifa zilizoandikwa kwenye boksi. Mtoto wa miaka kumi aweza kufundishwa kukitumia kwa dakika mbili, na kile kituo cha katikati humlazimisha kungoja, atazame, kisha aamue. Anayegusa kioo hupiga picha kumi bila kutazama hata moja. Tena kwenye jua la pwani, kidole chenye jasho na chumvi hakisomwi vizuri na kioo, lakini kitufe hakijali.

Betri yake hubanduliwa kwa ukucha, bila fundi. Kadi ya kumbukumbu huingizwa ndani, hadi gigabaiti 32, mbali na gigabaiti 16 zilizomo ndani ya simu yenyewe. Ina tundu dogo la HDMI la kuiunganisha na televisheni au projekta, na ukiiunganisha na kompyuta kwa waya, hufunguka kama kihifadhio cha kawaida. Linganisha na mdogo wake, Nokia Lumia 1020 ya mwaka 2013, yenye megapikseli 41 vilevile. Huyo ana lenzi inayotulizwa mtikisiko, jambo zuri sana katika mwanga hafifu, lakini hana nafasi ya kadi, na betri yake imefungiwa ndani. Kwa mtalii ningemshauri achukue 1020. Kwa shule ambayo umeme wake hukatika na ambayo kompyuta yake iko kituo kingine, nachagua 808 bila kusita.

Upande wa sauti haukusahauliwa. Maikrofoni zake zilitengenezwa kupokea sauti kubwa bila kukwaruza, hata mwalimu anayerekodi ngoma uwanjani apate ngoma badala ya mngurumo.

Namba 41 na maana yake

Picha ya simu imefanywa kwa nukta ndogo sana ziitwazo pikseli, na megapikseli moja ni nukta milioni moja. Simu ya kwanza ya kamera iliyouzwa sana nchini Japani, ile ya Sharp ya mwaka 2000, ilikuwa na nukta 110,000 tu. Kwa hiyo 41,000,000 yaonekana kuwa muujiza. Hata hivyo, nukta peke yake si picha. Nukta ni kama kata ya kutekea maji: ukigawanya kisima kimoja kwa kata nyingi ndogo hujaongeza maji. Kinachoongeza maji ni ukubwa wa kisima, na hapa kisima ni kihisi. Kihisi cha 808 kina milimita 10.67 kwa 8, yaani eneo la milimita za mraba 85 hivi. Simu nyingi za bei nafuu za leo, zinazotangazwa kuwa na megapikseli 50, zina vihisi vyenye eneo la robo hivi ya hilo. Mwanachuo akiliona tangazo la namba 50 juu ya namba 41, na akadhani kwamba ya kwanza imeshinda, amekwisha kuingia mtegoni.

Wahandisi wa simu hii walilijua jambo hilo, ndiyo maana kwa kawaida haitoi picha ya megapikseli 41. Hutoa ya megapikseli 5. Nukta kama saba hujumlishwa kuwa moja, na kasoro za nukta mmoja mmoja hufutana zenyewe kwa zenyewe, sawa na mwalimu anayewapa wanafunzi saba kazi ya kupima urefu wa ubao na kuchukua wastani. Picha hutoka safi, na hainenepi mno kwenye kadi. Ukitaka kukivuta kitu karibu, simu huacha kujumlisha na kuchukua nukta za katikati tu, hadi mara tatu hivi, bila kuitanua picha kwa uongo kama zifanyavyo simu nyingine nyingi.

Ipo pia njia ya kuzitoa nukta zote, au karibu zote. Katika umbo la nne kwa tatu, picha huwa na nukta 7152 kwa 5368, yaani megapikseli 38. Hapa ndipo kazi yetu ya kwanza, ile ya ukuta, inapofikiwa, na yafaa tupige hesabu, kwa kuwa hesabu hii yaweza kufanywa na wanafunzi wenyewe katika Hisabati. Katika umbo hilo, upana unaoonekana ni kama mara moja na robo ya umbali. Mpiga picha akisimama mita 4 kutoka ukutani, ataona ukuta wa mita 5. Mita 5 ni milimita 5000. Zikigawanywa kwa nukta 7152, kila nukta inabeba milimita 0.7 ya ukuta. Ufa wa milimita 7 utakuwa na nukta kumi za upana, na utaonekana bila shaka. Kwa picha ya megapikseli 5, yenye nukta 2592 kwa upana, kila nukta inabeba karibu milimita 2. Ufa uleule utakuwa na nukta tatu au nne, na anayetaka kujua kama umepanuka tangu mwaka jana hatapata jibu.

Basi hapo 41 ina kazi. Shule ya Kilwa ambayo kila mwaka, mwezi uleule, itasimama mahali palepale mbele ya ukuta uleule, kwa umbali uliopimwa kwa kamba, ikaweka picha hizo, itakuwa na kumbukumbu ambayo hata watafiti wataitaka. Mtoto ashike rula ya mita moja kando ya ukuta ili kipimo kionekane ndani ya picha. Picha ya magofu isiyo na kipimo haina faida kubwa ya kufundishia: mtazamaji hajui kama anatazama mlango au tundu la taa.

Mwanga wa pwani

Kilwa ipo karibu nyuzi 9 kusini ya Ikweta. Mwishoni mwa Februari na tena katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini, na ukuta ulionakshiwa huonekana kama karatasi tupu, kwa kuwa nakshi huonekana kwa kivuli chake. Hakuna kamera itakayorekebisha hilo. Mwalimu aende asubuhi mapema au alasiri, jua linapoupiga ukuta kwa ubavu, na hata alama ndogo ya patasi itasimama. Laiti kila safari ya kisiwani ingepangwa kwa kufuata jua na maji; nyingi hupangwa kwa kufuata saa ya chakula.

Ndani ya Msikiti Mkuu, chini ya kuba, shida ni kinyume chake: gizani kuna nguzo, na nje kuna mwanga mkali. Flashi ya 808 ni ya zenoni, kama ile ya kamera za zamani za filamu, na humulika kwa nguvu kupita taa ndogo za simu za kawaida. Lakini nguvu yake huishia mita 3 au 4. Kuba iliyo juu ya hapo haitafikiwa, na anayejaribu atapata nguzo moja nyeupe iliyozungukwa na weusi. Ni afadhali kuizima flashi, kuilaza simu juu ya kitu kilichotulia, na kutumia kipima muda ili kidole kisiitikise. Kwenye ufuko ambako mwanga umezidi, simu ina kichujio cha ndani cha kuupunguza, na mara nyingi hukitumia yenyewe.

Faida halisi ya flashi ya zenoni ni kwamba mmweko wake ni mfupi mno. Vidole vya msukaji ukili, vinavyokwenda kasi kivulini, hukamatwa vikiwa vimesimama, na mtoto huona unyasi upi umepita juu na upi umepita chini. Taa ya kawaida ya simu ingetoa ukungu.

Kuhusu ua la ufuta, simu hukubali kulenga kuanzia sentimita 15. Kwa umbali huo huona upana wa sentimita 19 hivi, na ukivuta mara tatu hubaki sentimita 6, ambamo ua hilo linaenea vizuri. Hapa kihisi kikubwa hutuletea hasara yake: sehemu iliyo wazi huwa nyembamba, petali ya mbele ikawa safi na ya nyuma ikawa na ukungu. Upepo wa kusi ukivuma, chuma ua ulilete ndani.

Mtoto wa benchi la nyuma

Tumeisifu kamera. Sasa tuipeleke darasani, mahali ambapo vifaa vingi vinavyosifiwa huaibika. Kioo cha 808 kina urefu wa sentimita 9 na upana wa sentimita 5 hivi, na nukta 640 kwa 360 tu, idadi ndogo mno kwa vipimo vya leo. Lakini tatizo haliko katika nukta za kioo. Liko katika jicho.

Jicho zima la binadamu, lililo mita 3 kutoka kwenye kitu, halitenganishi nukta mbili zilizokaribiana chini ya milimita 0.9 hivi. Gawanya urefu wa kioo, milimita 88, kwa kiasi hicho: mtoto aliyekaa mita 3 kutoka kwa mwalimu anayeinua simu juu aweza kutambua nukta kama 100 kwa urefu na 57 kwa upana. Nukta 5,700. Kati ya milioni 41! Na mita 3 ni benchi la pili au la tatu. Wa nyuma kabisa anaona mwanga wa rangi mkononi mwa mwalimu, basi. Nimeona wanachuo wakiwa katika mazoezi ya kufundisha wakiinua simu mbele ya watoto themanini na kuuliza, "Mnaona?" Nao watoto, kwa adabu yao, huitikia kwa pamoja kwamba wanaona.

Hesabu ileile hutuonyesha njia. Kwa umbali wa nusu mita, jicho hutambua karibu nukta zote za kioo hicho. Kwa hiyo simu ni zana ya kikundi cha watoto wanne au watano walioinamia meza moja, wakati wenzao wana kazi nyingine iliyoandaliwa, na vikundi vikapokezana. Hili lahitaji maandalio: maswali ya kuandikwa kabla, muda uliopimwa, na kiongozi wa kikundi anayejua kuipanua picha kwa vidole viwili. Kwa darasa zima, picha ichapishwe. Picha ya megapikseli 5 inatosha kabisa kwa karatasi ya A4, na karatasi hiyo, ikitazamwa kwa mita 3, humpa mtoto zaidi ya mara kumi ya alichokiona kwenye simu. Kama shule ina televisheni, au kituo cha walimu kina projekta, ule waya wa HDMI umalize kazi. Lakini uununue pamoja na simu, kwa kuwa tundu lake ni la aina ndogo na waya wake hauko kila duka.

Mwalimu asiye na njia yoyote ya hizo tatu asinunue simu hii kwa ajili ya kufundisha. Aichore chati.

Mapungufu na ununuzi

Kama simu, 808 imekwisha kuzeeka. Inaendeshwa na mfumo wa Symbian, ambao haukuendelezwa tena. WhatsApp iliacha kufanya kazi katika mfumo huo mwaka 2017, na kurasa nyingi za intaneti za leo hazifunguki humo. Anayetarajia kumtumia Afisa Elimu Kata picha papo hapo atahitaji simu nyingine, kisha aihamishe picha kwa kadi, kwa waya au kwa blutuuthi. Kwa maoni yangu hili si balaa kubwa kwa shule. Kamera isiyopokea ujumbe kila dakika humwacha mwalimu afundishe, na picha za watoto haziponyoki kwenda mahali zisikotakiwa.

Kwa upande mwingine, haki itendeke kwa simu mpya. Simu nzuri ya leo hupiga picha kadhaa kwa mkupuo mmoja na kuziunganisha, na kwa njia hiyo katika giza aweza kuishinda 808 mtu asiyejua lolote juu ya mwanga. Kioo chake ni kikubwa mara mbili. Mwalimu mwenye uwezo wa kununua simu moja tu, kwa mambo ya nyumbani, ya benki na ya kazi, anunue mpya ya kiasi. 808 inafaa pale ambapo walimu wa shule wanachanga kununua kamera ya shule, wakijua ni kamera.

Muuzaji akiileta, usiitazame kwa nje tu. Fungua kifuniko uitoe betri na kuilaza mezani. Ikizungushwa ikazunguka kama pia, imevimba, wala haifai. Betri yake halisi ni ya mAh 1400, na zilizobaki madukani zimekaa miaka mingi, nyingine ni bandia; kwa hiyo hesabu gharama ya betri ya pili tangu mwanzo. Piga picha ya karatasi yenye maandishi madogo, ukutani, kwa mwanga mzuri, kisha uzitazame pembe zake nne: zikiwa na ukungu upande mmoja, simu ilikwisha kuanguka. Kagua kioo cha lenzi kwenye ile nundu, kwa sababu hakina kifuniko, na mchanga wa pwani hukikwaruza. Jaribu flashi mara tano mfululizo. Mwisho bonyeza *#06# uisome namba ya utambulisho, uilinganishe na iliyoandikwa chini ya betri. Walimu wenye umri wanakumbuka tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozifungia simu bandia. Waliokuwa wamenunua bila kuuliza waliamka wakiwa na vipande vya plastiki.

Kupiga kwa adabu na kutunza

Kwenda Kilwa Kisiwani kwahitaji kibali cha ofisi inayosimamia magofu, iliyoko Kilwa Masoko, na mwalimu akipate kabla ya kuwakusanya watoto gatini. Asipande juu ya ukuta kutafuta picha nzuri, wala asiwaruhusu wanafunzi kuufuta ukuta ili nakshi ionekane. Kisiwa hicho kina wenyeji wake. Mwambie bibi anayesuka, "Shikamoo bibi," kaa chini, eleza unatoka shule gani na picha itatumika wapi. Ukijibiwa kwamba hataki, piga picha ya mkeka kama ameridhia, au uondoke. Picha za wanafunzi zibaki mali ya shule. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu zao shuleni, basi simu hii ikabidhiwe mwalimu mmoja, iandikwe katika daftari la mali, na itolewe kwa sahihi.

Hewa ya bahari ni adui wake wa kudumu. Baada ya safari, ifutwe kwa kitambaa kikavu cha pamba; kioo cha lenzi kipulizwe kwanza ili mchanga uondoke, ndipo kifutwe. Picha zihamishwe siku hiyohiyo katika kompyuta na kunakiliwa mahali pa pili, kila jalada likiwa na mahali, tarehe, umbali na jina la ukuta, kwa mfano "Gereza, upande wa baharini, mita 4". Picha ya mwaka jana isiyojulikana ilipigiwa wapi haiwezi kulinganishwa na ya mwaka huu. Wakati wa likizo ndefu, betri itolewe ikiwa na chaji kama nusu, izungushiwe karatasi, iwekwe kabatini mbali na joto, na kadi ya kumbukumbu ikae kwa mwalimu mkuu.